Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Taratibu za Kufungua na Kumiliki Biashara Katika Nchi ya Kigeni

Katika toleo hili tumeona ni vema tueleze jambo linalozidi kugusa maisha ya watu wetu wa Mkunya, Newala na Masasi. Jambo lenyewe ni biashara ya mtu aliye nje ya nchi yake. Kwa upande mmoja wapo wageni wanaopenda kuja kufanya biashara kwetu, wakiwamo baadhi ya marafiki wanaotusaidia. Kwa upande mwingine wapo vijana wetu wanaovuka Mto Ruvuma kwenda kutafuta riziki Msumbiji, na wengine wanaokwenda mbali zaidi. Pande zote mbili hukutana na swali lile lile: mtu asiye raia anaruhusiwa kufanya nini, na kwa karatasi zipi?

Kamati ya parokia si ofisi ya leseni wala ya uhamiaji. Hata hivyo, mara nyingi ndiyo ya kwanza kufuatwa. Mgeni huomba kutambulishwa kijijini, kijana huomba barua ya utambulisho, na mfadhili huuliza kama anaweza kuanzisha kiwanda kidogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ili mwenyeji apone kweli, na mgeni naye asipoteze mtaji wake, inafaa wote wawili wazijue taratibu kabla fedha haijatoka mfukoni.

Hatua ambazo mgeni hupitia Tanzania

Mgeni anayetaka kufanya biashara Tanzania Bara hupitia ofisi kadhaa, na kila ofisi ina kazi yake.

Kwanza ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Hapa ndipo kampuni husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002. Siku hizi maombi hufanyika kwa njia ya mtandao. Mkurugenzi au mwanahisa aliye raia hutumia namba yake ya kitambulisho cha Taifa, na mgeni hutumia pasipoti. Majina ya wenye hisa na idadi ya hisa za kila mmoja huandikwa hapo. Maandishi hayo ndiyo yatakayoulizwa siku ya ugomvi, si maneno yaliyosemwa kwenye chai.

Pili ni Mamlaka ya Mapato, TRA. Kampuni hupata namba ya utambulisho wa mlipakodi, ambayo wengi tunaiita TIN. Namba hii huambatana na wajibu wa kutunza hesabu, kutoa risiti na kupeleka taarifa za kodi kwa wakati, hata katika mwaka ambao faida haikupatikana.

Tatu ni leseni ya biashara. Leseni za Kundi A hutolewa na BRELA, na zile za Kundi B hutolewa na halmashauri ya wilaya au ya mji. Aina ya biashara ndiyo inayoamua ni kundi lipi. Zipo pia biashara zinazohitaji ruhusa ya ziada kutoka kwa mamlaka zinazosimamia chakula, dawa, mazingira au mazao.

Nne ni vibali vya mtu mwenyewe, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Kusajili kampuni hakumpi mgeni ruhusa ya kuishi nchini, wala kuishi nchini hakumpi ruhusa ya kufanya kazi. Tangu ilipotungwa Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni, kibali cha kazi hutolewa na Kamishna wa Kazi, na kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Vibali vya ukaazi viko katika madaraja matatu. Daraja A ni la wawekezaji na wanaojiajiri. Daraja B ni la walioajiriwa. Daraja C ni la wengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti, watu wa kujitolea na wamisionari.

Kamati za parokia zizingatie hili la mwisho kwa makini. Mmisionari au mtu wa kujitolea aliyekuja kwa kibali cha Daraja C amekuja kwa kazi iliyoandikwa kwenye kibali chake. Akipenda kufungua duka, karakana au nyumba ya wageni iwe mali yake, kibali kile hakitoshi, hata kama wanakijiji wote wanampenda na wamemwita mwana wa nyumbani.

Tano, kwa mwenye mtaji mkubwa, ni mamlaka ya uwekezaji. Kituo cha Uwekezaji Tanzania, TIC, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Mwaka 2025 kiliunganishwa na mamlaka iliyosimamia maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, ikazaliwa TISEZA, yaani Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi. Mwekezaji anayepata cheti huko huweza kupewa nafuu kadhaa za kodi na msaada wa kupata vibali. Kiwango cha chini cha mtaji kwa mgeni ni kikubwa kuliko kile cha raia.

Baada ya hatua zote hizo bado kuna kazi ya kila mwaka: kuhuisha leseni na vibali kabla havijaisha, kupeleka taarifa za kampuni BRELA, kuchangia mifuko ya wafanyakazi na kuwapa wafanyakazi mikataba ya maandishi. Biashara nyingi haziangushwi na kufunguliwa vibaya. Huangushwa na kutohuishwa.

Biashara ambazo mgeni haruhusiwi kufanya

Tarehe 28 Julai 2025 Waziri wa Viwanda na Biashara alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara, akitaja aina 15 za biashara ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya. Amri hiyo ilikuja baada ya malalamiko ya muda mrefu ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, kwamba wageni walikuwa wameingia hadi kwenye biashara za rejareja.

Katika orodha hiyo yamo mambo yanayoweza kutokea hata katika miji yetu midogo. Tunataja baadhi:

- biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na vituo maalumu vya jumla vya kuuza bidhaa za wazalishaji wa ndani;
- uwakala wa kutuma na kupokea fedha kwa simu;
- ufundi wa simu na vifaa vya elektroniki;
- saluni, isipokuwa iliyo ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii;
- usafi wa nyumba, ofisi na mazingira;
- uchimbaji mdogo wa madini;
- maduka ya vinyago na kumbukumbu za utalii;
- udalali wa biashara na wa nyumba na viwanja;
- kununua mazao shambani;
- kumiliki au kuendesha viwanda vidogo sana na viwanda vidogo.

Aliyekuwa na leseni halali wakati amri inatolewa aliruhusiwa kuendelea hadi leseni yake iishe. Mgeni anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kufungwa kifungo kisichozidi miezi 6, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia mgeni kuikiuka naye hakuachwa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 3.

Amri hii haikupokelewa vizuri na kila mtu. Kwa Kenya, kwa mfano, ilionekana kugongana na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambayo imekuwa ikitumika tangu Julai 2010 na inayowapa raia wa nchi wanachama haki ya kuanzisha shughuli zao katika nchi jirani. Mjadala huo ni wa serikali. Sisi vijijini tunapaswa kujua kwamba orodha ipo na adhabu zake zipo.

Korosho: mlango upo, lakini si ule wa shambani

Kwetu biashara kubwa ni korosho, na mnunuzi wake wa mwisho kwa kawaida ni mgeni. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania imekuwa ikisafirishwa kwenda India na Vietnam. Kwa hiyo haiwezekani kusema mgeni hana nafasi katika zao hili. Nafasi anayo, ila mahali pake pamepangwa.

Tangu msimu wa 2007/2008 korosho za mkoa wa Mtwara zimekuwa zikiuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama cha msingi, zinapimwa, zinapelekwa ghalani, kisha zinauzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Mnunuzi, awe raia au kampuni ya wageni, hujisajili kwa Bodi ya Korosho na kushindana kwenye mnada.

Mtu anayepita nyumba kwa nyumba akipima korosho kwa kangomba anavunja utaratibu huo, awe nani. Akiwa si raia, anavunja pia amri ya 2025. Mzee wa kanisa anayemwonyesha mnunuzi wa namna hiyo kaya zenye shida ya ada au msiba huenda anadhani anasaidia majirani. Kumbe anawauzia jasho lao kwa bei ya njaa, na yeye mwenyewe anajiweka kwenye hatari ya kushtakiwa.

Ardhi ya kijiji

Mgeni anayetaka kujenga hutafuta ardhi, na kwetu ardhi iliyo nyingi ni ya kijiji. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziko wazi. Mtu asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na haki anayopata hupitia mamlaka ya uwekezaji, kwa muda uliowekwa. Halmashauri ya kijiji haina uwezo wa kumpa mgeni hati ya haki miliki ya kimila.

Kama eneo la kijiji linahitajika kweli kwa uwekezaji, hubadilishwa kwanza kutoka ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla. Mkutano mkuu wa kijiji una sauti: kwa eneo lisilozidi hekta 250, mkutano huo ndio unaokubali au kukataa. Fidia nayo lazima ikubaliwe kabla ardhi haijahamishwa. Wanakijiji wajue pia kwamba ardhi ikishakuwa ya jumla haiwi tena mikononi mwa kijiji, hata biashara ile ikifa baada ya miaka miwili. Shamba lenye mikorosho iliyopandwa na babu haliuzwi kwa muhtasari wa kikao cha watu watano.

Ugonjwa wa kuazima jina

Tumefika kwenye jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Mgeni anapoona mlango umefungwa, mara nyingi hupata mwenyeji wa kumwazima jina. Leseni inaandikwa jina la mwenyeji, kiwanja kinaandikwa jina la mwenyeji, mashine zinanunuliwa kwa fedha ya mgeni. Wanapeana mikono, na pengine wanaandikiana karatasi ya siri.

Kwa muda mambo huenda vizuri. Kisha mwenyeji anafariki, na warithi wanadai duka ni la baba yao. Kwa karatasi zilizopo, wana haki. Au mgeni anaondoka bila kuaga, na deni la kodi linabaki kwa mwenye TIN. Au wanagombana, na mgeni anagundua kwamba hawezi kwenda mahakamani kudai mali aliyoificha ili kuikwepa sheria. Mtaji unapotea, na urafiki wa miaka mingi unageuka uadui.

Ni kweli kwamba mgeni na raia wanaweza kushirikiana kwa halali. Wanaweza kuwa wanahisa wa kampuni moja iliyosajiliwa kwa majina yao ya kweli, katika biashara ambayo mgeni anaruhusiwa. Mwenyeji mwenye hisa za kweli anajua mapato, anahudhuria vikao na anapata gawio. Mwenyeji aliyeazima jina hana lolote kati ya hayo, ila deni likija ni lake.

Sisi tunapokuwa wageni

Tusije tukadhani sheria hizi ni za wageni wa kwetu tu. Watu wa kusini ni wasafiri wa siku nyingi. Kwa Wamakonde, Ruvuma haikuwahi kuwa ukuta; ndugu wako Newala na ndugu wako Mueda. Tangu Mei 2010 Daraja la Umoja linaunganisha Mtambaswala kwa upande wetu na Negomano upande wa Msumbiji. Lakini undugu si kibali.

Baada ya rubi kugunduliwa mwaka 2009 katika eneo la Montepuez, mkoa wa Cabo Delgado, watu wa mataifa mengi walimiminika huko, wakiwamo Watanzania. Wapo waliochimba, lakini wapo pia waliofungua vibanda, migahawa na maduka. Februari 2017 serikali ya Msumbiji ilifanya operesheni ya kuwaondoa wageni wasio na vibali. Watanzania wengi walirudishwa, na baadhi walifika Mtwara mikono mitupu, bidhaa na akiba zao zikiwa zimebaki ng'ambo. Aliyejenga biashara ya miaka mitano bila hati hakuwa na ofisi ya kwenda kudai.

Mtanzania anayekwenda Msumbiji kwa matembezi mafupi haombi viza. Ruhusa hiyo ni ya kutembea, haifungui duka. Anayetaka kufanya biashara anahitaji pasipoti iliyogongwa muhuri mpakani, kitambulisho cha ukaazi wa mgeni kiitwacho DIRE, namba ya mlipakodi iitwayo NUIT, na leseni ya biashara. Karatasi zote ziko kwa Kireno, hivyo ni busara kutafuta mkalimani wa kuaminika kabla ya kutia saini. Ardhi ya Msumbiji ni mali ya dola na haiuzwi. Kinachotolewa ni haki ya kuitumia, iitwayo DUAT, na kwa mgeni haki hiyo ina masharti ya ukaazi na ya mradi uliokubaliwa. Anayekuuzia kiwanja huko kwa maneno matupu anakuuzia kisicho chake.

Aidha, tangu Oktoba 2017 mkoa wa Cabo Delgado umeathiriwa na mashambulizi ya makundi yenye silaha, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya upande wetu wa Mtwara kilishambuliwa. Kijana asivuke bila kuuliza kwanza Uhamiaji na ofisi ya mkuu wa wilaya kuhusu hali ilivyo.

Kenya nako kuna mfano unaogusa jina letu. Wamakonde waliokwenda huko miaka mingi iliyopita, wengi wakitokea Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, waliishi Kwale kwa vizazi bila uraia. Walikuwa mafundi hodari wa vinyago, lakini asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya simu wala kukata leseni. Kazi ya mikono yao iliuzwa kupitia majina ya wengine. Oktoba 2016 walifunga safari ya kudai haki hadi Nairobi, na Desemba mwaka huo wakaanza kupewa vitambulisho. Mwaka 2017 walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Ufundi walikuwa nao siku zote. Kilichokosekana ni karatasi.

Ushauri kwa kamati na kwa wafadhili

Kamati inapoletewa ombi na mgeni anayetaka kufanya biashara, tunashauri iulize maswali haya kabla ya kumtambulisha popote:

1. Biashara anayotaka imo katika orodha ya 2025? Afisa biashara wa halmashauri anaweza kujibu.
2. Kibali chake cha ukaazi ni cha daraja gani, na kinaisha lini?
3. Kampuni imesajiliwa kwa majina ya nani, na kila mmoja ana hisa ngapi?
4. Kama anahitaji ardhi ya kijiji, je, mkutano mkuu umeshirikishwa, au wachache tu?
5. Je, kuna mwanaparokia aliyeombwa kuazima jina lake? Kama yupo, ashauriwe kukataa kwa upole.

Kwa kijana anayeaga kwenda ng'ambo, kamati isiishie kuandika barua. Imuulize kama ana pasipoti, nani atampokea na nakala za hati zake ataziacha kwa nani nyumbani. Mali bila daftari huisha bila habari, na ugenini huisha upesi zaidi.

Kwa wafadhili wetu wapendwa tunasema hivi. Wapo wenye nia njema ya kuanzisha mashine ya kukamua mafuta, karakana ya useremala au kikundi cha kubangua korosho, na wangependa kubaki wamiliki ili kulinda fedha yao. Kwa biashara ndogo njia hiyo sasa imefungwa. Njia iliyo wazi ni kukiwezesha kikundi au chama cha ushirika cha wenyeji kumiliki chenyewe, kwa ruzuku au mkopo wenye mkataba wa maandishi, hesabu zikikaguliwa na taarifa zikitolewa kila robo mwaka. Mfadhili anayehitaji uhakika aupate katika mkataba na hesabu, asiutafute katika leseni yenye jina la mtu mwingine.

Taratibu tulizozieleza zinahitaji muda na gharama, na wakati mwingine safari za Mtwara, Dodoma au Dar es Salaam. Viwango vya ada hubadilika, kwa hiyo kila mmoja aulize ofisi husika kabla ya kulipa, na adai risiti. Tunaziomba kamati zisome makala hii katika kikao kijacho na kuwaeleza wanajumuiya, hasa vijana na wenye mashamba, kabla msimu wa korosho haujafunguliwa na wanunuzi hawajaanza kupita vijijini.